Kitambaa cha Mbeleko Yako

Dada yangu Zuhura,

Ulipokuwa hai hukujua kusoma, na sidhani huko uliko umepata mwalimu. Naandika hata hivyo, kwa sababu mdomo wangu umezoea kukwepa. Mtu akiniuliza jambo linaloniuma humpa kicheko, akizidi humpa hadithi ya safari. Karatasi haina mzaha. Elimu yangu unaijua: nilisoma pale mjini Morogoro mpaka nikaweza kuandika, kisha nikachoka kukalia mchanga, nikarudi mlimani. Basi usitafute maneno makubwa humu.

Nimekaa kwenye kambi ya wapagazi, bado sijauvuka Mto Wami. Miguu imevimba, siwezi kuendelea mpaka ipungue. Wenzangu wa njiani wamesonga ugali wa mtama, wananiita, “Fundi, njoo ule, nguo haishibishi!” Nimewaambia wale tu. Mapajani nina nguo ya mwana hiti wa binti yako Mwanahawa. Nimeimaliza jana. Nimeikunja na kuikunjua, nimeikunja tena, na kila nikiikunjua naona nilichokifanya.

Unakumbuka ulipokuwa mwali? Uliwekwa ndani kwa Mama Mkubwa, katika kile chumba kisicho na dirisha, na sisi wanaume tulikuwa nje ya ukuta, mimi na Mjomba Kibwana, tukimshonea mwana wako nguo. Huku nilikotoka, nikitaja mwana hiti watu hunitazama kama mganga. Nawaambia si uganga, ni mtoto. Ni mti uliochongwa, una kichwa chenye vishungi viwili na nywele za mwali mwenyewe, una matiti madogo kifuani, hauna mikono wala miguu. Mwali hupewa akae naye kule ndani. Humwogesha, humpaka mafuta, humlaza, humsalimu asubuhi. Akimsahau, wazee husema uzazi nao utamsahau yeye.

Nawaambia pia kwamba wetu sisi hakuchongwa jana. Alikuwa wa bibi yake bibi yetu, na kila mwali aliyempitia amemwachia nguo moja. Ya zamani haivuliwi. Mpya huvikwa juu yake, mpaka ukimshika unamkuta mnene kama hindi lililo ndani ya maganda. Koo nyingine humwekea shanga tu, zikatosheka. Kwetu lazima nguo, na lazima ikatwe kwenye mbeleko aliyobebewa mwali mwenyewe, na lazima ishonwe kwa mkono na mjomba wake.

Siku ile nilimuuliza Mjomba Kibwana kwa nini kazi ya wanawake inashonwa na mwanaume. Alikuwa akilamba ncha ya uzi, akaacha, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeuliza bei yake.

“Watoto utakaowazaa wewe ni wa ukoo wa mkeo,” alisema. “Wa kwako ni wa dada yako. Kuwazaa hukuwazaa, kuwabeba hukuwabeba. Basi angalau shona!”

Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo aliniachia pindo la chini. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika sindano kwa kazi ya maana. Nilipiga mishono mikubwa kama meno ya nguruwe. Tulipomaliza tukaipitisha kwenye ufa wa ukuta, nikakuita kwa kunong’ona. Ulinyamaza, maana mwali hasemi ovyo. Baadaye nikasikia sauti yako, chini chini.

“Nani kashona hii?”

“Mimi na Mjomba.”

“Wewe umeshona wapi?”

“Pindo la chini.”

“Nilijua. Mmemshonea mwanangu gunia la mahindi.”

Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. Mama Mkubwa akatoka na mwiko wa ugali mkononi. “Mnacheka na mwali? Kibwana, mtu mzima wewe, huna haya!” Tulikimbia kuteremka kwenye migomba, na yule mzee mwenye macho ya ukungu alinipita.

Nimeitumia hadithi hiyo kuchekesha watu katika kila kambi niliyolala. Sasa sijui kama nina haki ya kuisimulia tena.

Mjomba alipokufa, umjomba ukanijia mimi, mtu mwenyewe ninavyojijua. Mwanahawa alikuwa karibu kuvunja ungo. Na mwaka ule ule kodi ya nyumba ikatubana, akapita mtu wa kuandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, nikaandikwa. Ulinisindikiza hadi pale tunapovukia mto wa kijijini kwetu. Hukulia. Ulifungua kibindo ukatoa kitambaa cha kaniki, kipana kama viganja viwili, ulichokikata kwenye mbeleko ya Mwanahawa. Kilikuwa kimefuliwa mpaka weusi wake umegeuka kama moshi, na kilikuwa kinanuka mafuta ya mbarika, kama kisogo cha mtoto.

“Shona ukipata kivuli,” uliniambia. “Akiingia ndani nitamwambia mjomba wake anashona. Usinicheleweshee mtoto.”

“Hata mahindi hayatakomaa,” nikasema.

“Ya mwaka gani?”

Ukacheka, mimi nikacheka, nikavuka. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, Dada. Mzaha wako ulikuwa na akili kuliko ahadi yangu.

Mkonge sikuelezi sana. Jani lake lina mwiba nchani, na maji yake yakikuingia kwenye mkwaruzo unawashwa mpaka unataka kujichuna ngozi. Kila mtu ana kipande chake, kadi ya kazi, na siku isiyotimiza mafungu haiandikwi; kikijaa, uko huru kwenda. Kule hakuna kivuli. Ningekuwa nimekosa kivuli tu, ningekuwa na la kusema. Lakini kivuli nilikipata.

Bwana wa shamba alikuwa na mpishi aitwaye Feruzi, mtu wa Pangani, mdomo wake haupumziki. Alinikuta siku ya mapumziko nikitia kiraka kwenye suruali.

“Wewe Mluguru, unajua sindano?”

“Kidogo.”

“Kidogo cha kushona magunia au kidogo cha kushona watu?”

“Cha kushona mtoto wa mti,” nikamjibu, nikamweleza mwana hiti.

Alijipiga mapaja. “Basi Mungu kakuleta! Sisi tunaye wa kauri, na yuko uchi.”

Nilidhani ananitania. Kesho yake akanipeleka kwenye baraza la nyumba kubwa. Mke wa bwana alikuwa na binti mdogo, na binti alikuwa na mwanasesere. Dada, ungemwona! Kichwa cha kauri nyeupe kama yai, macho yanayofumba ukimlaza na kufumbua ukimwinua. Nilipomlaza mara ya kwanza akafumba, nikamwachia, Feruzi akamdaka. Nywele zake zilikuwa za mtu, za mtu kweli. Mke wa bwana alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba mwanasesere yule alikuwa wa bibi yake, kisha wa mama yake, kisha wake, na sasa wa binti yake.

Niliduwaa pale barazani. Kumbe na wao wana mtoto anayepita kwa wanawake. Kumbe na wao humwekea nywele. Nilitamani nikukimbilie nikuambie.

Walinipa kitambaa cha pamba nimshonee nguo ya kushindia. Nilikaa kivulini, nikashona vizuri, mishono midogo safi, nikafurahi na kazi yangu. Nilipomvika, yule mtoto akamgeuza huku na huku. Yeye Kiswahili alikijua kuliko wazazi wake, alikipata kwa yaya.

“Mikono yake ataitolea wapi?” akaniuliza.

Nikatazama. Nilikuwa nimemshonea mfuko, umezungushwa mwilini na kufungwa ubavuni, mikono yote miwili ndani. Wote niliowahi kuwavika hawakuwa na mikono. Haikunijia hata kidogo.

“Amemvisha sanda!” Feruzi akapiga kelele. “Ewe Mluguru, umemuua mtoto wa watu!”

Tulicheka, hata mimi. Mke wa bwana hakucheka. Alichukua mkasi akanionyesha kwenye gazeti kuukuu namna ya kukata kifua cha nguo, mbele na nyuma, na matundu mawili ya mikono. Nikajifunza. Siku chache baadaye nilikuwa nakata matundu ya mikono bila kufikiri. Hilo kumbuka, nitalirudia.

Wakanitoa kwenye mkonge. Wenzangu kambini wakaniita Yaya. “Yaya, mtoto kalala?” “Yaya, umemnyonyesha?” Niliona haya kidogo, lakini mikono yangu ilipona. Nilisahau namna unavyoamka umekunja vidole haviwezi kukunjuka.

Kisha mke wa bwana akaniletea nguo ya asili ya mwanasesere, ile aliyovikwa na bibi yake. Hariri. Ilikuwa imezeeka, ukiigusa inapasuka yenyewe kama ganda la kitunguu. Hakutaka mpya. Alitaka ile ile isife. Feruzi aliona ni upuuzi, lakini mimi nilimwelewa kabisa. Kwetu ya zamani haivuliwi.

Hariri iliyochoka huwezi kuishona peke yake. Inataka bitana, kitambaa kingine ndani yake cha kuibeba. Nilijaribu marikani mpya, ilikuwa na wanga, ngumu, ikazidi kuikata. Nilijaribu kipande cha bafta, nacho vile vile. Ilitakiwa nguo laini, iliyofuliwa miaka mingi, iliyozoea kubeba. Nilijua ninayo moja. Ilikuwa kwenye furushi langu.

Nilikuwa na shati pia, Dada. Shati la marikani nililokuja nalo, jasho na kufuliwa vimelilainisha. Lingefaa. Nililishika, nikalitazama, nikasema nikilikata nitavaa nini jua likiwaka? Nikaliweka chini. Nikachukua kitambaa chako. Nikajiambia, mbeleko yenyewe iko kwa Zuhura, nikirudi atanikatia kingine, atanitukana kidogo, yataisha. Nikakiweka juu ya ile hariri, kikatosha kifua chote kuzunguka, na kwa mkasi nikatoboa matundu mawili ya mikono.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hilo pia lazima niliseme. Hariri ilitulia juu ya kaniki yako kama mtoto aliyelala. Mke wa bwana aligusa ubavu wa ile nguo kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa, akasema, “Fundi.” Nililala na neno hilo kama mtu aliyelala na njaa akaota pilau.

Kipande changu kilijaa kabla ya masika. Hakuna aliyenizuia. Hilo ndilo baya. Ningezuiwa ningekuwa na wa kumlaumu. Nilibaki kwa ajili ya baraza, na chai ya Feruzi, na kuitwa fundi. Mtu wa Matombo, kule kwetu mlimani, alipopita akirudi nyumbani nikampa salamu zako: mwambie dada kipande hakijajaa. Alinitazama, maana yeye na mimi tuliandikwa siku moja. Akazichukua, akaenda.

Mvua zikapita. Wakaja vibarua wapya, na kati yao Mloka, mtoto wa jirani zetu, yule aliyekuwa akiiba mapera yetu. Nilimwona kwenye foleni ya chakula nikamrukia kwa furaha. Yeye hakunirukia.

“Ewe bwana mjomba, bado uko huku?” akasema. “Kwenu kule mwali anaota mizizi.”

“Mwanahawa hajatolewa?”

“Atatolewaje? Nguo ya mwana unayo wewe. Wenzake walioingia baada yake wametoka, wameolewa, mmoja ana mimba. Watoto wakipita nje ya ukuta wanaimba, ‘Mwali wa mjomba fundi, atatoka na mvi.’ ”

Nilicheka. Unanijua. Nikasema, “Na dada anasemaje? Kanuna?”

Mloka akaweka sahani yake chini. “Kumbe hukuambiwa,” akasema.

Naona ajabu kukusimulia kifo chako mwenyewe. Ndui ilipita kwetu. Ulikaa siku chache tu. Nyumba yako ikachomwa na vyote vilivyokugusa, ndivyo inavyofanywa penye ndui, na mbeleko ilikuwemo. Mwanahawa hakuugua. Alikuwa ndani kwa Mama Mkubwa, hakuna anayeingia wala kutoka, na ukuta ule uliomfungia ndio uliomwokoa. Wewe ungefurahi kwa hilo. Mimi nilijaribu kufurahi, nikashindwa, kwa sababu Mloka hakuwa amemaliza.

“Mwanahawa alimlilia mama yake humo ndani,” akasema. “Mazishi tulipita nayo nyuma ya nyumba ile ile. Hakutoka. Mwali ambaye mwanawe hajavikwa hatoki, hata kwa mama yake. Tulimsikia mpaka tulipofika kwenye migomba.”

Kisha akasema neno ambalo hakulisema kwa ubaya, na ndilo lililoniua. “Dada yako alikuwa akikutetea. Watu wakikusema, anawaambia, mdogo wangu kafungwa na kipande, si mtu wa kusahau.”

Nilimwachia Mloka chakula changu. Nikaenda nyuma ya ghala la nyuzi, nikasimama. Sikulia, Dada. Nilikuwa natafuta uongo wa kujiambia, nikakosa hata mmoja.

Kitambaa kile ndicho peke yake kilichobaki duniani cha mbeleko ile, na kilikuwa kifuani kwa mtoto wa kauri. Na kule nyumba kubwa walikuwa wanafunga masanduku. Mke wa bwana na binti yake walikuwa wanarudi Ulaya, na mwanasesere amekwisha kuviringishwa katika pamba.

Nilipaswa kusema kweli. Nilitembea hadi pale nikiwa na kweli mdomoni. Nilipofika barazani na mke wa bwana akaniuliza nataka nini, nikasema, “Mshono wa ndani sikuukaza, utafumuka baharini. Nirekebishe.” Akaniamini. Kila ninayemdanganya ananiamini, sijui nina uso wa namna gani.

“Haya, upesi,” akasema.

Nikakaa ngazini na wembe wangu. Nikafumua mshono mmoja mmoja, polepole, hariri isipasuke. Kila mara nilitupia jicho mlangoni, maana mtu akikukuta unavua kitu kwenye mali ya bwana hakuulizi mara mbili, unalazwa chini kwa kiboko. Feruzi alipita na birika. Akaona bitana ya kaniki ikitoka, akaona pindo la shati langu limekatwa na kitambaa chake kiko gotini. Akasimama.

“Mluguru,” akasema kwa sauti ndogo, “shati lako linakwenda Ulaya kabla yako?”

“Linakwenda.”

“Lisalimie baridi,” akasema, akapita zake. Baadaye nilimsikia ndani anamuuliza mke wa bwana habari za sufuria, tena na tena, mambo ya sufuria yasiyo na mwisho, mpaka nikamaliza.

Yule mtoto alikuja akakaa ngazi ya juu yangu.

“Mbona unamvua?”

“Namvua cha mwenzake.”

“Mwenzake nani?”

“Mtoto wa kwetu. Wa mti.”

Akafikiri. “Ana mikono?”

“Hana.”

“Maskini,” akasema. Kisha akasema, “Basi mwambie pole.”

Nilitia bitana ya shati langu kwa uangalifu kuliko nilivyotia ya kwako. Ilikaa sawasawa. Laini, imezoea kubeba. Ingefaa tangu mwanzo, kama nilivyojua tangu mwanzo. Nikamrudisha mwanasesere, mke wa bwana akagusa nguo kwa kidole kile kile, akasema neno lile lile. Safari hii lilinipita kama mate ya mtu mwingine.

Niliondoka kesho yake. Hakuna aliyenizuia, kama ambavyo hakuna angenizuia kabla ya masika. Njiani kila tunapopumzika nashona. Wapagazi wamezoea, hata wamenipa subana ya shaba ya kukinga kidole, waliyoiokota barabarani. Nimepinda juu, nimepinda chini, mishono midogo, hata Mjomba Kibwana asingepata la kusema. Jana nikafunga ubavuni nikaisimamisha juu ya kijiti nilichokata kwa kipimo cha mwana wetu.

Matundu yalikuwa pale. Moja huku, moja huku, yamekatwa vizuri, yanasubiri mikono.

Nilifikiri kuyaziba. Nikakata kiraka kwenye kilichobaki cha shati langu, nikakibandika, nikakitazama, nikakitoa. Shati langu halikumbeba Mwanahawa. Nikafikiri kuivuta kaniki mishono ifiche yale matundu, kitambaa kikapungua, hakizunguki tena mwili. Nikaacha. Na tazama, ukiinua juani unaona pia vitobo vidogo vya sindano yangu ya kwanza, safu ndefu, pale palipokuwa hariri.

Mama Mkubwa siku hizi haoni, Mloka ameniambia, lakini vidole vyake nakumbuka vinaona. Ataipapasa. Atasimama kwenye tundu la kwanza, kisha atatafuta la pili, atalipata. Atasema, “Hii mikono ya nani?” Wanawake wote wa ukoo watakuwepo, na Mwanahawa yuko nyuma ya ukuta anasikia. Na mimi nimejiapia, ndiyo maana nimekaa kuandika haya kwa mkono usiojua kukwepa, kwamba nitawaambia ni mikono ya nani. Nitawaambia na kivuli, na shati, na salamu za uongo nilizokutumia. Sitawapa kicheko.

Huenda Mama Mkubwa akaikataa. Ana haki. Nguo ya mwana haivaliwi na mtoto mwingine kwanza, hilo kila mtu kwetu analijua. Akiikataa, sijui Mwanahawa atatolewa kwa nguo gani. Nitakaa nje ya ukuta ule mpaka waamue, na akitaka kunitukana kupitia ule ufa, atanitukana, hata kama mwali hasemi. Ninamwogopa yeye kuliko wazee wote. Wewe ulinitetea. Yeye hana sababu.

Na Mama Mkubwa akiikubali, Mwanahawa atamvika mwanawe juu ya nguo zote za nyuma. Nimelifikiria hili tangu asubuhi. Kwenye yale matundu mawili, nguo ya chini itachungulia. Ya chini yake ni ile yako, Dada. Ile ya pindo langu la kwanza. Gunia la mahindi. Usinisifu, sikulipanga, sina akili hiyo. Ni mkasi tu na uzembe wangu. Lakini ndivyo itakavyokuwa: nyote wawili mtaonekana, yeye juu na wewe ndani, pale nilipoharibu.

Na mwali atakayefuata, binti atakayemzaa Mwanahawa, siku moja atakuwa kule ndani peke yake, hana cha kufanya, atampakata mwana wake atie kidole kwenye tundu. Atauliza. Nitamwomba mama yake asimtungie hadithi nzuri. Amwambie tu: mjomba alichelewa.

Wanaita tena, ugali umepoa. Mguu wa kulia umeanza kupungua. Nikifika pale tunapovukia mto, uliponipa kitambaa, nitakuita kwa jina, uitike ukitaka. Kisha nitapanda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa kabla sijaonyeshwa kaburi lako. Najua ndivyo ungetaka, kwanza mtoto.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, basi angalau mtangulie Mwanahawa mlangoni siku atakapotoka.

Mdogo wako,
mjomba wa Mwanahawa.